Land Rover ya mjomba inachemsha

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata. Kuna gari lililonikalisha Mwabungo siku tisa mwezi wa Agosti 2024, na tangu hapo nimekuwa nikiahidi kuandika habari zake. Mliokuja kusoma habari za programu msiondoke, kwani kazi yenyewe ilikuwa ileile ya kila siku: mfumo unaanguka ukizidiwa na mzigo, kila mtu ana jibu lake, na hakuna aliyesoma logi. Tofauti ni kwamba gari hili halina logi.

Ni Land Rover Defender 110, injini ya dizeli ya 300Tdi, lita 2.5, silinda nne. Injini hizi zilianza kutoka mwaka 1994, na kufikia 1998 Land Rover walikuwa wameleta Td5 yenye kompyuta ya kusimamia dizeli. Ya mjomba haina kompyuta hata moja. Huwezi kuchomeka kifaa ukasoma namba ya hitilafu. Mjomba mwenyewe aliliona hilo mapema kuliko mimi.

"Wewe si mtu wa kompyuta? Hii ina kompyuta?"

"Haina, mjomba."

"Basi utasoma nini humo, mwanangu?"

Swali zuri.

Kwa wasioifahamu Mwabungo, ni upande wa Kinondo, ukitoka Ukunda kuelekea Msambweni, kabla hujafika Gazi. Barabara kuu ni ya lami, lakini ukiiacha tu unaingia kwenye mchanga, na ukienda bara kuelekea Shimba Hills wakati wa masika unakutana na tope la kweli kweli. Mjomba huteremsha nazi, korosho na bixa kutoka huko. Hiyo ndiyo kazi ya mchana. Usiku gari hilohilo ndilo linalogongewa mlango mtu akizidiwa, likampeleka hospitali ya Msambweni. Bodaboda zipo, lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa kwenye bodaboda, juu ya mchanga, saa nane za usiku... mnaelewa. Kwa hiyo gari lilipoanza kuchemsha, waliokuwa na wasiwasi hawakuwa watu wa nyumba moja.

Nilipofika, hukumu ilikuwa imeshatolewa: gasketi ya hedi imeungua, hedi ifunguliwe, ikapigwe msasa mashineni Mombasa, na huenda ina ufa. Gharama yake ilizidi anachobaki nacho mjomba kwa miezi mitatu. Na kulikuwa na mtu tayari anayelitaka gari kwa bei ya chuma chakavu, anayesubiri jibu mwisho wa wiki.

Nimtetee fundi kidogo. Hedi ya 300Tdi ni ya aluminiamu, imekalia bloku ya chuma, na injini hizi zinajulikana kwa kupinda hedi zikikaushwa maji. Gari lilikuwa linachemsha na linapoteza kama lita moja ya maji kila safari ya mlimani, na huwezi kuona tone chini. Mtu aliyeziona hedi nyingi zilizopinda ataona hedi iliyopinda. Sisi nasi kwenye programu tuna wazee wetu ambao kila tatizo kwao ni hifadhidata.

Kilichonisumbua ni historia. Kabla ya kufika kwenye gasketi, wotapampu ilikuwa imebadilishwa, mipira miwili imebadilishwa, na themostati imetolewa ikatupwa. Vyote hivyo ndani ya wiki mbili, na hakuna hata mara moja mtu alipopima chochote kabla na baada. Ukimuuliza mjomba, "Baada ya wotapampu mpya kulikuwa na nafuu?" anasema labda. Baada ya kutoa themostati? Labda pia.

Hapa niseme neno kuhusu themostati, kwa sababu hii ni desturi ya gereji nyingi za kwetu: gari likichemsha, kitu cha kwanza ni kuitoa, "huku kwetu ni joto, haina kazi." Themostati ni mlango wenye nta ndani yake. Nta ikipata moto inatanuka na kusukuma mlango, maji yanaanza kwenda kwenye rejeta. Ya injini hii huanza kufunguka nyuzi 88. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuibakisha hapo, maana dizeli inayokimbia baridi hula mafuta na kujichakaza. Lakini kuna la pili ambalo watu hawalisemi. Katika injini nyingi, maji yana njia mbili: kupitia rejeta, au njia ya mkato inayoyarudisha moja kwa moja kwenye pampu. Zipo themostati ambazo zikifungua njia ya rejeta huziba ile ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na maji hupenda njia rahisi. Unaweza kuitoa ili gari lisichemshe, likachemsha zaidi!

Kwa hiyo kabla ya kutafuta lolote nilitaka gari lirudi katika hali liliyotoka nayo kiwandani. Nilinunua themostati mpya Ukunda nikaijaribu jikoni kwa shangazi: sufuria ya maji, kipimajoto, themostati imening'inizwa kwa uzi isiguse chini. Pwani maji huchemka nyuzi 100 kamili, kwa hiyo nafasi ya kuona ilitosha. Kwenye 88 ilianza kuachama, na maji yalipokaribia kutokota ilikuwa imefunguka sana. Ikafungwa garini. Hili ni jaribio la dakika kumi na halina gharama, fanyeni hata kwa spea mpya. Hasa kwa spea mpya.

Sasa hukumu ya gasketi. Gasketi ikiungua kati ya silinda na njia ya maji, moshi wa injini unaingia kwenye maji, na hiyo inapimika. Asubuhi, injini baridi kabisa, tulifungua kifuniko cha chupa ya maji tukawasha. Mkiona mapovu yanapanda mfululizo wakati maji bado ni baridi, au mkifunga kifuniko mpira wa juu ukawa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja, hiyo ni gesi, kwa sababu maji baridi hayana sababu ya kujaza presha. Hatukuona mapovu, na mpira ulibaki laini. Kisha kuna kile kifaa cha dawa ya buluu: unaivuta hewa iliyo juu ya maji ipite kwenye dawa, kama ina moshi wa injini dawa hubadilika rangi. Kwenye dizeli inayonguruma polepole kipimo hiki si kikali sana, kwa hiyo tulikifanya mara tatu, mara ya mwisho baada ya kulipandisha gari mlimani. Dawa ilibaki buluu. Oili haikuwa na utando wa maziwa, wala maji hayakuwa na mafuta. Hakuna kipimo kimoja hapo kinachokata shauri peke yake, ila vyote pamoja vilinitosha kumwambia mjomba amwombe yule mnunuzi wiki moja zaidi.

Tukaenda kwenye dalili. Barabara ya tambarare, Ukunda hadi Msambweni, mshale hautikisiki. Kupanda kutoka Kombani kwenda Kwale mjini, ambako ni takriban mita 400 juu ya bahari, mshale unapanda hadi kwenye nyekundu kabla hujafika juu. Foleni ya feri ya Likoni, nusu saa injini ikiwaka, hakuna tatizo. Wengi wataruka hapo na kusema feni ni nzima. Polepole: dizeli inayosubiri haitoi joto jingi, ushahidi wa Likoni ni mdogo. Feni ya gari hili inashikwa na klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, ambayo hukaza rejeta ikipata moto. Ikikaza unaisikia, inavuma kama lori. Mlimani ilikuwa ikivuma. Huo ni ushahidi bora.

Jambo jingine la kuangalia kwenye Land Rover za zamani ni kama mshale wa dizeli unapanda pamoja na wa joto. Mara nyingi mishale hii miwili hula umeme kutoka kwenye kifaa kimoja kidogo cha kusawazisha volti, na kikiharibika vyote viwili hudanganya kwa pamoja. Wa mjomba wa dizeli haukusogea (isipokuwa kushuka, kama kawaida yake).

Bado nilikuwa nategemea mshale, na mshale hauna namba. Ndipo nikatoa vyombo vyangu. Vipimajoto viwili vya DS18B20, vile vilivyofungwa ndani ya kichuma kisichoingia maji, bei yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana Diani. Vinapima hadi nyuzi 125, inatosha. Kimoja nilikifunga kwenye chuma ambapo mpira wa juu unatoka injini, kingine kwenye shingo ya rejeta ambapo mpira wa chini unaanzia. Weka kwenye chuma, usiweke juu ya mpira, maana mpira huzuia joto na utapata uongo. Nikavifunika kwa sponji na kukaza kwa tepu ili upepo usivipoze. Waya zikapita hadi kwenye ESP32 iliyofungwa chini ya dashibodi, ikiandika kwenye kadi kila sekunde mbili. Programu yenyewe ni mistari sitini hivi, sitawachosha nayo. Vipimo vya namna hii huonyesha nyuzi chache pungufu kuliko maji yenyewe na huchelewa kidogo, lakini nilichotaka ni tofauti kati ya viwili.

Kwa nini tofauti? Maji hubeba joto kwa njia mbili tu: yawe mengi, au yapoe sana. Kupoza lita moja ya maji nyuzi moja ni kutoa kilojuli 4.2. Injini hii ina nguvu ya kilowati 83 ikisukumwa hadi mwisho. Kwa makadirio yangu, ikipanda mlima na mzigo inaingiza kilowati 40 hivi za joto kwenye maji. Rejeta nzima hupunguza maji nyuzi kama kumi, kwa hiyo inahitaji karibu lita moja kila sekunde. Ukiona maji yanapoa nyuzi 40, maana yake yanayopita ni machache, robo lita au chini ya hapo, yanakaa humo hadi yanapoa mno huku injini inangoja. Na ukiona juu ni moto na chini ni moto vilevile, basi maji yanapita vizuri lakini upepo hauyapozi: feni, au matundu ya rejeta yamejaa tope na majani.

Lakini angalieni mtego. Kwenye tambarare themostati yenyewe hubana maji, kwa hiyo tofauti kubwa huko haina maana yoyote. Lazima usome pale ambapo themostati imeshafunguka yote, yaani mlimani, injini ikiwa na moto. Hapo ndipo nilipofurahi kuwa na logi ya safari nzima badala ya kipimo kimoja cha uani.

Tulipakia magunia ya nazi, tukapanda Kwale. Usiku nikachora grafu kwenye kompyuta ya mkononi, mjomba amekaa pembeni na kahawa yake. Tambarare: juu 86, chini 60, haina maana kama nilivyosema. Kuanzia Kombani mstari wa juu unapanda: 92, 97, 101, 104. Mstari wa chini? 59, 58, 60. Umelala kama mkeka. Nyuzi 44 za tofauti. Mjomba hakuhitaji maelezo ya kilojuli. Aliweka kidole kwenye mstari wa chini akasema, "Haya maji hayafiki."

Pampu ni mpya, themostati tumeiona ikifunguka, mipira ni mipya na haifyonzwi. Kilichobaki ni rejeta yenyewe. Tulihakikisha kwa mkono tu: injini ikiwa na moto lakini imezimwa, theluthi ya chini ya rejeta ilikuwa baridi kabisa, unaweza kuegemea.

Na zile lita zilizopotea? Maji matupu huchemka nyuzi 100, lakini ndani ya mfumo uliofungwa kwa presha ya bari moja huchemka karibu 120. Presha hiyo inashikwa na springi na mpira mdogo ndani ya kifuniko cha chupa ya maji. (Ndiyo sababu hufungui kifuniko gari likiwa na moto: ukiitoa presha, maji ya nyuzi 110 yanageuka mvuke usoni mwako papo hapo.) Cha mjomba mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Kwa hiyo kwenye nyuzi 104 maji yalikuwa yanachemka na kutoka kama mvuke, wala huoni tone chini. Kifuniko kipya ndicho kitu cha pekee tulichobadilisha siku ile, tukapanda tena Kwale. Joto lilifika 104 vilevile, lakini maji hayakupungua hata nusu glasi. Hitilafu mbili tofauti, zilizokuwa zinavaa nguo moja ya gasketi iliyoungua.

Rejeta ilikuwa ya zamani, ya shaba. Tuliipeleka Ukunda kwa mzee anayelehemu rejeta, akafungua tangi. Jamani! Mirija ya chini ilikuwa imezibwa kabisa, ukoko mweupe uliochanganyika na kutu, mgumu kama saruji. Mzee akaukwangua kwa bisibisi, akacheka: "Hii chokaa ungeweza kujengea."

Alikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Ukanda wetu wote wa pwani umekalia mawe ya matumbawe ya kale, na ndiyo yaleyale yanayochomwa kwenye tanuri kupata chokaa ya kujengea. Visima vyetu vimechimbwa humo. Maji yanapopita kwenye mawe yanayeyusha chokaa na kuibeba, na yakipashwa moto yanaitema. Chumvi ya jikoni huyeyuka zaidi kwenye maji ya moto, chokaa hufanya kinyume. Angalia ndani ya birika lako. Kwa hiyo ukijaza rejeta kwa maji ya kisima, chokaa inajitandika kwenye kuta zenye moto za injini na ndani ya mirija, kila ndoo ikiongeza lake. Na visima vya karibu na bahari vina chumvi pia, inayokula aluminiamu. Kisha kuna mzunguko mbaya: gari likipoteza maji unaongeza, ukiongeza unaleta chokaa mpya, chokaa inazidisha joto, joto linapoteza maji. Kifuniko kilichopasuka ndicho kilichokuwa kinaendesha kiwanda hicho.

Mirija ilipigwa fimbo mmoja mmoja hadi ikapitisha mwanga. Kwa bloku, mtu mmoja gereji alipendekeza maji ya betri. Nilikataa, na niwaeleze sababu kwa sababu ushauri huu nimeusikia mara nyingi. Asidi ya betri inashambulia aluminiamu ya hedi, na ikikutana na chokaa hutengeneza jasi, ambayo haiyeyuki kwa urahisi na huufunika ukoko uliobaki. Tulitumia unga wa ndimu, ule wa dukani, kwenye maji ya moto, injini ikanguruma nusu saa, tukamwaga maji ya rangi ya chai ya rangi. Tukarudia, kisha tukasuuza hadi yakatoka safi. Kujaza ni kwa kulanti nusu na maji ya kuongezea betri nusu, hayo yaliyosafishwa, huku tumefungua skrubu za kutolea hewa pale kwenye themostati na juu ya rejeta. Hewa ikibaki humo utatafuta hitilafu nyingine isiyokuwepo.

Safari ya tatu ya Kwale, magunia yaleyale: juu 94, chini 83, hadi kileleni. Mjomba alishuka, akaegemea boneti, akampigia simu yule mnunuzi hapohapo. Sitaandika alichomwambia.

Gari sasa lina dumu la lita tano la maji ya betri nyuma ya kiti, limeandikwa kwa rangi nyekundu LA GARI TU, baada ya mtoto mmoja kunawia miguu. Mjomba aliuliza kuhusu maji ya mvua ya paa la mabati. Ni bora mara nyingi kuliko ya kisima, lakini karibu na bahari paa hushika chumvi ya upepo, kwa hiyo mvua ya kwanza iachwe ipite. Ile ESP32 alikataa nisiiondoe, ikabidi niiongezee kioo kidogo kinachoonyesha namba mbili. Anazisoma kwa sauti kila akipanda mlima, abiria wapende wasipende.

Kimebaki kimoja. Chini ya kile kibao nyuma ya wotapampu kuna gasketi ya karatasi ambayo kwenye injini hizi huvuja mara kwa mara, na mwezi Desemba mjomba aliniambia ameona unyevu pale, kidogo, rangi ya kulanti. Kulanti ina rangi, ndiyo faida yake nyingine, maji ya kisima yasingemwonyesha. Spea imeagizwa Mombasa.